Burse haingojaka diploma: kwa bafinaliste ba Kasenga

Badogo bangu, bale beko mu mwaka wa mwisho wa sekondari na bale batoka kupata Exetat, kila mwaka kufika Agosti tunapokeaka ujumbe wa namna moja: "Yaya, nimepata 64%, burse inaombwaka wapi?" Swali ni nzuri. Shida ni kama inafika nyuma ya wakati. Mu Agosti milango mingi imekwisha kufungwa, na yenye kubaki wazi inaomba makaratasi yenye mutoto wa Kasenga hawezi kuyapata mu juma moja.

Tuanze na kitu chenye hatuna. Tanzania iko na Bodi ya Mikopo, HESLB, yenye iliundwa na sheria ya mwaka 2004. Kenya iko na HELB tangu 1995. Kule mwanafunzi mupya anajaza fomu, serikali inamukopesha, na atalipa akisha kupata kazi. Sisemi kama kule ni paradiso: kuna bale banakosa, na deni inafuata mutu miaka mingi. Lakini mulango ni moja na kila mutu anaujua. Kwetu Kongo hatuna mulango kama ule. Wazee benye kusoma mu Lubumbashi miaka ya 1970 banakumbuka burse ya Leta. Ile ilikufaka zamani. Leo minervali ni mufuko wa muzazi, na musaada iko vipande vipande, kila kipande na tarehe yake na masharti yake. Njo maana kutafuta ni kazi ya mwaka muzima.

Kipande cha kwanza ni cha bale ba asilimia ya juu sana. Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi iko na programu Excellentia, kwa ajili ya bashindi ba Exetat. Kama uko na 58%, usipoteze usiku wako hapo. Ninasema wazi, maana kudanganyana hakusaidie mutu.

Kipande cha pili ni burse za inchi zingine, na hapa njo banafunzi betu banapoteza bahati bure. Angalia Uturuki: Türkiye Bursları kwa kawaida inafunguliwa tarehe 10 Januari na kufungwa tarehe 20 Februari. Kwa kuanza universite wanaomba usiwe na miaka 21 bado, na pointi zako zifike 70%, ao 90% kwa munganga. Sasa hesabu. Januari, finaliste angali ku kalasi, Exetat iko mbele. Anafikiri: "Nitaomba nikisha kupata diploma." Kumbe wanapokea na mwenye atamaliza mwaka ule ule, anatuma biletini zake za miaka ya nyuma. Mwenye anangojea diploma anapoteza mwaka muzima, na miaka ya kuzaliwa nayo inatembea. Tena diploma yenyewe, munajua vile inakawiaka kufika.

Burse ile ni ya bure kuomba. Mutu mwenye anakuomba dola 30 "za dosie" ku telefone hana burse. Ana telefone tu.

Kipande cha tatu kinahusu bale benye vijiji vyao viko karibu na kampuni ya mine. Kodi ya mine ya 2018 inaomba kampuni kutoa 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya bantu benye wanaguswa na kazi yake, na kuna kaye ya mashariti, cahier des charges, yenye inaandika zile falanga zitafanya nini. Burse inaweza kuandikwamo, kama bantu ba pale waliiomba. Sisi ba kando ya Luapula tuko zaidi batu ba samaki na mihogo, kwa hiyo kipande hiki si cha kila mutu. Ulizia ku sheferi, na omba kusoma kaye yenyewe, usiridhike na kuelezwa. Kisha kuna paruasi na dayosizi ya Kilwa-Kasenga, na makanisa mengine: pale barua ya paroko ao ya pasteri inakuwaka na uzito kuliko asilimia.

Sasa makaratasi, maana hapo njo bengi banaangukia. Sisi tuko na majina matatu: nom, postnom, prénom. Postnom tuliachiwa na siasa ya Mobutu ya 1972. Fomu za inchi zingine ziko na nafasi mbili tu: jina la ukoo na majina mengine. Mmoja anaweka postnom huku, mwingine kule, pasipoti inasema hivi, biletini vile. Kwa mwenye kusoma dosie, hao ni bantu wawili. Chagua namna moja leo, ile yenye iko ku attestation ya kuzaliwa, na uifuate kila pahali. Kama masomo iliandika "Ilunga" na kule "Ilunge", rekebisha sasa, prefe angali anakujua, usingoje umefika Lubumbashi.

Barua nayo. Usiandike "ninateseka sana, munisaidie". Andika: minervali ni kiasi hiki, chumba kiasi hiki, silabusi na safari kiasi hiki, baba analima hekta ngapi, batoto wangapi wanasoma, tunaweza kulipa nusu, tunaomba nusu. Mutu mwenye kusoma barua mia moja anasimama ku ile yenye iko na hesabu.

Na ile nusu yenu itatoka wapi? Hapa ninasema kama mutu wa agronomia. Mahindi tunavuna Aprili na Mei, na tunauza mara moja, wakati kila mutu anauza na bei iko chini. Tranche ya kwanza inaombwa mwanzo wa mwaka wa masomo, kufika Oktoba ao Novemba, wakati bei imepanda. Magunia matano yenye kukauka muzuri, yenye kufungwa mu mifuko isiyopitisha hewa ili wadudu bafe, yanaweza kungojea hiyo tranche. Kwa jamaa ya samaki, hesabu ni ngumu zaidi: upande wa Zambia uvuvi unafungwa tangu 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, na biashara ya mutoni inashuka. Tranche ya pili ikianguka mu miezi ile, omba mapema, kwa maandishi, kugawa malipo. Bengi banaogopa kuomba, banaacha masomo kimya kimya.

Skani mufanye mbele ya mvua. Toka Kasenga mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 200, na mu Januari, wakati fomu zinafunguliwa, barabara inaweza kukufunga njiani. Mwenye anashuka Oktoba abebe biletini za wenzake watatu ao wane mu plastiki, azitume ku adresi ya kila mmoja, na originali zirudi zote nyumbani.