Koma, saa na sifuri: takwimu za Uvira zinapotoka kwenye seva

Mwaka 2015 watafiti walichapisha uchunguzi uliolinganisha orodha mbili za Uvira, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulio kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, kuanzia 2009 hadi 2014: kiasi cha maji kilichotolewa kila siku na mtambo wa mji, na idadi ya walioingia kituo cha matibabu ya kipindupindu. Ilionekana kwamba mabomba yakikauka, wagonjwa huongezeka katika siku 12 zinazofuata. Hesabu ya namna hiyo hubomoka iwapo siku ya orodha moja si siku ileile katika orodha ya pili.

Wizara ya Afya ya Kongo hukusanya takwimu zake kwa DHIS2, programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Programu nyingine ikiziomba, huzipata kwa JSON, maandishi mepesi yanayotaja jina la kitu na thamani yake. Viunzi vya kutengenezea programu za wavuti, kama Spring, Django na ASP.NET Core, huyaandika maandishi hayo vyenyewe kwa kanuni ambazo mtengenezaji huzipanga mara moja, mahali pamoja. Kanuni tatu kati ya hizo zina uzito wa pekee katika ufuo huu.

Ya kwanza ni desimali. Aliyesoma kwa Kifaransa ataandika usawa wa ziwa kuwa mita 776,8. JSON hutumia nukta, na koma kwake hutenganisha vitu. Orodha [776,8] itasomwa kuwa namba mbili, 776 na 8, wala hakuna onyo litakalotokea. Kwa hiyo namba itoke na nukta. Koma iwekwe na simu ya msomaji wakati wa kuonyesha.

Ya pili ni saa. JSON haina aina maalumu ya tarehe, hivyo kiunzi ndicho kinachoamua namna ya kuiandika. Uvira iko saa mbili mbele ya saa ya dunia, UTC. Kigoma, ng'ambo ya ziwa hilohilo, iko saa tatu mbele. Mgonjwa aliyepokelewa Uvira tarehe 17 Aprili, saa sita na nusu usiku, kwa UTC bado yuko tarehe 16. Kiunzi kikigeuza saa kisha kikakata tarehe pekee, mgonjwa huyo amehamishwa siku nzima. Dawa ni kuandika wakati kamili pamoja na tofauti yake: 2020-04-17T00:30:00+02:00.

Ya tatu ni utupu. Zahanati iliyoripoti wagonjwa 0 si sawa na isiyotuma ripoti, ambayo JSON huiandika null. Viunzi vingi vina swichi ya kuondoa sehemu tupu ili kupunguza baiti. Lakini programu inayopokea, hasa ya Java au C#, mara nyingi hujaza 0 pale isipoona kitu, na kimya cha zahanati kikageuka habari njema. Anayetaka kuwapunguzia gharama wanunuzi wa mega za intaneti azime kwanza nafasi za kupamba mistari. Hizo hazibebi maana.

Kabla ya kuifungua programu kwa watu, ipitishwe rekodi tatu: kipimo chenye desimali, mgonjwa wa usiku wa manane, na zahanati iliyonyamaza. Ikipotosha hata moja, isitumike kuamua dawa na klorini zipelekwe wapi.