Ubongo hulala kabla ya macho: pa kulala kati ya Tunduma na Dar

Shule zikikaribia kufungwa, maswali yanayofika kwenye safu hii hubadilika. Vidonda vya tumbo na vikohozi vinakaa pembeni, watu wanauliza safari. Msomaji wa Tunduma anataka kuwapeleka watoto Dar es Salaam wakaione bahari, na anauliza kama akiondoka saa 10 alfajiri atafika siku hiyohiyo bila kulala njiani. Wa Vwawa ameshauriwa aondoke jioni ili akwepe malori na trafiki, watoto nao walale kwenye gari. Wa tatu anauliza kama unga wa kunusa wa kuondoa usingizi, anaouziwa stendi, una madhara.

Wa kwanza namjibu hapana. Wa pili, hapana kabisa. Huyo wa tatu nitamrudia hasira zikishuka.

Tuanze na hesabu, maana wengi hupiga hesabu ya mafuta wakasahau hesabu ya mwili. Tunduma hadi Dar es Salaam ni kilomita zaidi ya 900. Ukiheshimu vibao vya 50 vijijini, ukaondoa foleni ya malori kabla ya Mbeya na msongamano wa Uyole, wastani wako hautazidi sana kilomita 60 kwa saa. Ni saa 15 na zaidi za kukaa kwenye usukani, kabla hujahesabu chai, mafuta na mtoto anayetaka kujisaidia kila baada ya kijiji. Aliyeondoka saa 10 alfajiri aliamka saa 9 usiku, tena pengine alilala saa 5 akifunga mizigo. Saa 2 usiku atakuwa maeneo ya Mlandizi, macho yakiwa wazi kwa muda wa saa 17.

Hiyo 17 ina historia yake. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature jaribio la watu 40. Siku moja watu hao walikeshwa, siku nyingine walinyweshwa pombe kidogo kidogo, na kila mara wakapimwa jinsi mkono unavyofuata jicho. Baada ya saa 17 za kuwa macho, utendaji wao ulishuka sawa na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi za Ulaya kinatosha kukufikisha polisi. Kwa aliyekesha saa 24 ilikuwa kama asilimia 0.10. Baba ambaye hajawahi kugusa bia maisha yake yote anaingia Dar kwenye giza na bodaboda zisizo na taa akiwa na mikono ya mlevi, na familia nzima ndani.

Wa Vwawa naye amekimbia foleni akaangukia pabaya zaidi. Mwili una saa yake, iko kwenye kikundi kidogo cha seli ndani ya ubongo juu ya pale mishipa ya macho inapopishana, na saa hiyo haijali umelala kiasi gani mchana. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi inashusha joto la mwili na inausukuma ubongo kulala. Inafanya hivyo tena, kwa nguvu ndogo, kati ya saa 8 na saa 10 alasiri. Wanaosema ni ugali wa mchana wanausingizia ugali, kwani hata asiyekula husinzia muda huo. Sasa ondoka Vwawa saa 12 jioni. Utafika Iringa kama saa 8 usiku, na saa 9 usiku unaanza kuteremka Kitonga: kona kali, ukingo upande mmoja, lori lililokufa breki mbele yako na matawi ya miti barabarani badala ya kiakisi mwanga. Hakuna saa mbaya zaidi katika siku nzima ya kuwa mahali hapo.

Utasema mabasi yanapita hapo usiku, na ni kweli. Tangu Oktoba 2023 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, imeruhusu mabasi kusafiri saa 24. Lakini basi la safari ndefu linatakiwa kuwa na madereva wawili, na dereva wake analifanya hilo kama kazi. Wewe u mmoja, na jana ulikuwa dukani hadi jioni.

Nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi mimi mwenyewe. Wengi wanaamini usingizi ni kitu kimoja: uko macho, au umelala. Wanaamini pia kwamba mtu anahisi ukija, hivyo ataegesha. Mwaka 2011 Vladyslav Vyazovskiy na Giulio Tononi, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliwaweka panya macho kwa saa kadhaa zaidi ya kawaida yao kwa kuwapa vitu vipya vya kuchezea, huku nyaya nyembamba zikisikiliza seli za neva moja moja. Panya walikuwa macho wazi, wanatembea, wananusa. Lakini ndani ya gamba la ubongo vikundi vidogo vya seli vilikuwa vinazima ghafla kwa sehemu ya sekunde, kama zinavyofanya kwenye usingizi mzito, kisha zinawaka. Hapa zinazima, pale zinafanya kazi. Na panya aliyekuwa ananyoosha mkono kuchukua punje ya sukari, seli za eneo husika zikizima wakati huo, alikosa punje.

Miaka sita baadaye Yuval Nir na wenzake walisikiliza seli za binadamu, wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamewekewa nyaya kichwani kwa ajili ya matibabu na wamekeshwa usiku mzima. Walipochelewa kujibu picha iliyo mbele yao, seli za kutambua picha zilikuwa zimechelewa kwanza, na majibu yake ni dhaifu. Jicho lilikuwa wazi na picha ilikuwa imeingia, ila ubongo haukuwa umeipokea. Ndiyo maana dereva aliyenusurika huapa kwamba hakusinzia. Anasema kweli kadiri anavyojua. Sehemu ya ubongo wake iliyotakiwa kuliona lori ilikuwa imelala, sehemu ya kusimulia ilikuwa macho.

Hiyo ni hatua ya kwanza. Hatua inayofuata ndiyo ile ya kupitiwa na usingizi, sekunde chache ambazo ubongo wote umezima hata kama kope hazijafunga vizuri. Kwa mwendo wa kilomita 80, sekunde nne ni mita karibu 90 bila dereva.

Kuna ya tatu, inayowanenepesha waganga. Ubongo uliochoka sana huanza kuota kabla haujalala. Dereva anaona mwanamke anakatiza barabara, anaona mbuzi, anaona mti umehama. Anakata usukani, gari linaingia bondeni, na kesho yake inasemwa mahali hapo pana jini linalotaka damu. Angalia saa ambazo majini haya hupenda kutokea: ni saa 8, saa 9, saa 10 za usiku, na kwa dereva aliyetoka mbali. Sijasikia jini la saa 4 asubuhi. Wanaouza hirizi ya kufunga kwenye usukani wanajua hesabu hii vizuri kuliko wateja wao.

Kuhusu huo unga wa stendi. Muuzaji hasemi umetengenezwa na nini, na mimi siwezi kukupa usalama wa kitu kisicho na jina. Kama ni tumbaku na pilipili, utapiga chafya na kutoka machozi kwa dakika tano, kisha usingizi utarudi pale ulipoachwa. Kama umechanganywa na kichangamshi cha kemikali, utakupandisha mapigo ya moyo kisha utakuangusha ghafla zaidi kuliko mwanzo, huenda ukiwa katikati ya mbuga ya Mikumi. Mirungi ni hivyohivyo, na juu yake kuna jela.

Msinitumie tena swali la kufungua dirisha. Jim Horne na Louise Reyner wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walilipima mwaka 1998: madereva wenye usingizi kwenye gari la maabara, wakipulizwa hewa baridi usoni au wakifunguliwa redio. Nafuu ilikuwa ndogo na ya dakika chache, kiasi cha kutafutia mahali pa kuegesha. Kujimwagia maji, kujifinya, kutafuna karanga na kubishana na mke kuhusu njia viko kwenye kapu hilohilo.

Kinachofanya kazi ni kahawa pamoja na usingizi mfupi, vikifuatana kwa mpangilio ambao watu huugeuza. Tangu ulipoamka, ubongo unarundika adenosini, na inapokaa kwenye vipokezi vyake ndipo unahisi uzito. Kafeini haiiondoi adenosini. Inakwenda kukalia siti yake kama abiria aliyewahi, na mwenye siti anasimama mlangoni akisubiri. Kafeini ikishuka wote waliosimama wanakaa kwa pamoja. Kulala ndiko kunakopunguza foleni yenyewe. Kwa hiyo kunywa kahawa kwanza, kisha lala papo hapo dakika 15 hadi 20. Kafeini huchukua karibu nusu saa kushika, itakukuta ukiamka. Usilale saa nzima kisha ukashika usukani palepale, kwani utakuwa umeamshwa kwenye usingizi mzito na utaendesha kwa ulevi wa aina nyingine. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na kafeini ya miligramu 80 hivi, chini ya vikombe viwili vya kahawa nzuri. Sisi watu wa Mbozi tunalima kahawa, tunaiuza, halafu tunakwenda kununua makopo. Haya.

Sasa mpango wenyewe. Ondoka Tunduma saa 12 asubuhi baada ya kulala usiku mzima. Pumzika Makambako. Mafinga utafika mapema mchana. Hapo ndipo pa kahawa na dakika 20 za kulala, kabla saa za alasiri hazijakukuta barabarani. Saa 9 au 10 uko Iringa, kilomita kama 430 kutoka ulikoanza. Lala hapo. Kesho saa 1 asubuhi teremka Kitonga kwa mwanga, nunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, pita Mikumi mchana ambapo tembo unamwona wewe kabla hajakuona yeye. Jioni uko Dar.

Pa kulala ndani ya Iringa kuna sayansi yake pia. Wengi husema usiku wa kwanza ugenini hawalali vizuri, wakawalaumu kunguni. Mwaka 2016 Masako Tamaki, Yuka Sasaki na wenzao wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, waliwalaza vijana maabara wakapima ubongo wao. Usiku wa kwanza, sehemu ya upande wa kushoto haikuzama kwenye usingizi mzito kama kulia. Ilikuwa inalinda. Mlio mdogo ukipigwa kwenye sikio la kulia, ambalo hupeleka zaidi upande wa kushoto, mtu aliamka upesi kuliko ukipigwa sikio la pili. Pomboo hulala hivyo maisha yao yote, nusu ubongo kwa zamu. Vijana wale waliporudi kulala hapohapo wiki moja baadaye, tofauti hiyo haikuonekana tena.

Kwa hiyo dereva anayelala gesti ya Ipogolo, kando ya barabara kuu, malori yakipiga breki usiku kucha na baa ikiwa chini ya dirisha, ananyimwa usingizi mara mbili: na kelele, na mlinzi wake mwenyewe anayeitikia kila kelele. Panda mjini. Chagua chumba cha nyuma. Kama kuna shangazi Iringa ambaye mmezoea kulala kwake, shangazi ni bora kuliko hoteli. Na wakati wa kurudi omba chumba kilekile. Nadhani mlinzi atakuwa amekizoea, ingawa jaribio lilifanyika maabara, si gesti.

Kwa watakaosafiri likizo ya Juni, baridi ya Makambako na Mafinga huwafanya watu waombe jiko la mkaa chumbani. Usikubali, hata mkaa uwe mwekundu usio na moshi. Mkaa huo ndio unaotoa kaboni monoksidi, haina harufu, na inashikana na himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Omba blanketi la pili.

Chandarua kokote utakapolala. Ila mtoto akipata homa siku mbili baada ya kulala Morogoro, si mbu wa Morogoro: malaria huchukua siku saba au zaidi kujitokeza. Mpime hata hivyo, na mpime tena akipata homa wiki mbili baada ya kurudi Tunduma. Na miguu ikivimba kwa kukaa sana garini, shukeni mtembee kila baada ya saa mbili.

Mwisho, Piriton. Nimeulizwa na wazazi wawili kipimo cha kuwalaza watoto njiani. Piriton ni dawa ya mzio; inazima histamini, ambayo ni mojawapo ya kemikali zinazoushikilia ubongo uwe macho. Mtoto aliyelazwa kwa dawa kisha akatapika kwenye kona za Kitonga anaweza kupaliwa na matapishi. Anayetapika njiani mweke dirishani, aangalie mbali, simu umnyang'anye. Na baba mwenye mafua aliyemeza vidonge viwili vya Piriton asubuhi ya safari ampe mama usukani, au waondoke kesho.