Soko la Krismasi la Wajerumani na Kiondo cha Ukambani

Huku kwetu Kitui na Makueni, Desemba ni mwezi wa kijani. Mvua za vuli zimekwisha kunyesha, ndengu ziko shambani, maembe yanaanza kuiva, na mabasi ya Nairobi na Mombasa yanashusha watu waliorudi kula Krismasi nyumbani. Ujerumani mwezi huo jua linazama kama saa kumi jioni. Miti mingi imepukutika, na mtu akipumua unaona mvuke mdomoni. Ungedhani kila mtu atajifungia ndani. Kumbe ndio wakati wanapomiminika uwanjani mwa mji, wazee kwa watoto, wakasimama gizani kwenye baridi wakila, wakinunua na kuzungumza.

Hayo ni masoko ya Krismasi. Hufunguliwa Majilio yanapokaribia, karibu wiki nne kabla ya sikukuu, na mengi hufungwa siku ya mkesha. Kwa kawaida kuingia ni bure. La Dresden lilianza mwaka 1434, likiwa soko la nyama la siku moja tu, watu wapate kitoweo baada ya mfungo. La Strasbourg, upande wa Ufaransa, ni la tangu 1570.

Nililolizunguka kwa makini zaidi ni la Nuremberg. Vibanda vyake vya mbao vinakaribia 180, vimeezekwa kwa vitambaa vyenye milia myekundu na myeupe, vikajaa uwanja mzima mbele ya kanisa la Bikira Maria. Siku ya ufunguzi msichana aliyevaa kanzu ya dhahabu na nyeupe husimama kwenye roshani ya kanisa hilo na kuwakaribisha watu. Wao humwita Christkind, Mtoto Kristo, na huchaguliwa kila baada ya miaka miwili. Soko lina masharti yake: mapambo ya plastiki hayaruhusiwi, wala muziki wa kurekodi. Basi unachosikia ni sauti za watu, kengele, na mafuta ya soseji yakidondokea moto. Soseji zenyewe ni ndogo, urefu wa kidole, na tatu hutiwa ndani ya mkate mmoja.

Kinywaji ni mvinyo mwekundu uliopashwa moto pamoja na mdalasini na karafuu. Watoto hupewa maji ya matunda ya moto. Kikombe si cha kutupa. Unalipia amana ya euro kadhaa, na ukikirudisha unarudishiwa pesa zako. Ndiyo maana uwanja ule, pamoja na umati wote, hauna takataka. Nilitamani sana kuona mpango huo katika masoko yetu. Pembeni kuna mawe makubwa ya zege yaliyozuia njia. Tangu lori lilipowavamia watu sokoni Berlin tarehe 19 Desemba 2016 na kuua, ulinzi wa namna hiyo umekuwa wa kawaida.

Lakini kilichonishika miguu ni vinyago vya mbao. Hutoka milima ya Erzgebirge, hasa kijiji cha Seiffen, karibu na mpaka wa Cheki. Watu wa huko walikuwa wachimba madini. Madini yalipopungua, wakageukia mbao. Wana ufundi mmoja ambao sijauona kwingine. Fundi huchukua kipande cha mti mbichi, akakizungusha kwenye mashine na kukichonga mpaka kikawa pete kubwa. Ukiitazama huoni kitu, ni mifereji na matuta tu. Kisha anaweka kisu na kuipasua vipande vyembamba kama keki, na kila kipande kinatoka na umbo la mnyama: ng'ombe, farasi, hata tembo. Pete moja ni zizi zima. Nilifikiria wachongaji wetu Wakamba, na fundi Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza akarudi kuwafundisha wenzake. Hadithi ni ile ile ya watu wa nchi ngumu waliotafuta riziki ndani ya mti.

Tofauti ni jina. Kinyago cha Seiffen huuzwa kwa jina la Seiffen. Keki ya asali na viungo ya Nuremberg, soseji yake, na mkate mtamu wa Dresden, vyote vinalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya: asiyevitengeneza huko haruhusiwi kutumia jina hilo.

Kwenye soko dogo la mji mwingine niliona kiondo, kikapu cha kwetu, kimening'inizwa kati ya mishumaa. Nilikipindua nikatazama kitako. Nyuzi za mkonge zilikuwa zimefungwa katikati, zikaongezwa moja moja mpaka duara likapanuka, kama mama zetu wanavyofanya wakitembea njiani kwenda sokoni. Nyuzi zile zilikuwa zimesokotwa juu ya paja la mtu. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi, kati ya kuteka maji na kupalilia. Kikaratasi chake kilikuwa na bei, na neno moja: Afrika. Hakuna Kitui, hakuna Makueni, wala jina la kikundi kilichokisuka.

Jirani zetu wa Taita walikwisha kuandikisha alama ya vikapu vyao katika KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara. Nawaomba akina mama wa vikundi vya viondo, na serikali zetu mbili za kaunti, tufanye hivyo. Na hata kabla ya sheria, kila kiondo kinachotoka nyumbani kishonewe kitambaa kidogo chenye jina la kijiji chake.