Rimoti ikikaa kimya, usikimbilie dukani

WENGI wanaotumia Fire TV Stick, kifaa cha kampuni ya Amazon kinachochomekwa kwenye runinga ili kuonyesha filamu kupitia intaneti, hununua rimoti mpya mara tu ya zamani inapokaa kimya. Aghalabu gharama hiyo si ya lazima. Rimoti ni nzima, ila imepoteza mawasiliano na kifaa chake.

Rimoti ya kawaida ya runinga hutuma miale isiyoonekana kwa macho. Ya Fire TV huwasiliana na kifaa kwa mawimbi ya Bluetooth, hivyo sharti viunganishwe kwanza, na muungano huo waweza kukatika. Hata hivyo, zile zenye vitufe vya sauti, zilizoanza kutolewa 2018, bado huiamuru runinga kwa miale. Hapo ndipo penye dalili nzuri: sauti ikipanda na kushuka ilhali menyu haisogei, yaelekea betri zina nguvu na kasoro ni muungano.

Isipojibu lolote, betri zote mbili zibadilishwe kwa pamoja. Kisha kifaa kichomolewe kwenye umeme kwa dakika moja na kurudishwa. Kikishawaka, kitufe chenye picha ya nyumba kibonyezwe kwa sekunde 10 bila kuachiliwa, rimoti ikiwa karibu. Huenda ikabidi kurudia.

Kifaa kilichobanwa nyuma ya runinga hupokea mawimbi kwa shida. Waya mfupi wa HDMI hukisogeza pembeni.

Rimoti ikiendelea kugoma, programu ya Fire TV kwenye simu yaweza kushika nafasi yake, mradi simu na kifaa vitumie Wi-Fi moja.