Kumchora Tembo wa Elgon kwa Rangi za Mafuta

Mkaaji wa Kapsokwony hana haja ya kwenda mbali kutafuta mnyama wa kuchora. Upande wa pili wa Mlima Elgon, unaoelekea Kitale, katika hifadhi iliyotengwa mwaka 1968, limo pango la Kitum. Humo tembo wamezoea kuingia usiku, gizani kabisa, na kuchimbua mwamba kwa pembe zao wapate chumvi.

Lakini mwanafunzi wa kuchora akishika brashi humpaka tembo rangi ya kijivu, kama alivyofundishwa na vitabu. Hata mimi nilifanya hivyo, na tembo wangu akawa kama birika la bati. Yafaa ukumbuke, ndugu msomaji, kwamba tembo huvaa rangi ya udongo aliogaagaa. Mwenye shamba aliyekanyagiwa mahindi yake anayajua hayo kuliko mgeni aliyemwona kutoka garini.

Hadibodi yatosha, kitambaa cha wachoraji ni ghali. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora wanyama Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia hadibodi na rangi za kupakia baiskeli. Wewe nunua rangi tano tu: nyeupe, bluu, kahawia iliyokoza, na njano na nyekundu za udongo. Usinunue nyeusi. Bluu na kahawia zikichanganywa huzaa weusi ulio hai, nao ndio ufaao mdomo wa pango.

Sasa jambo lililonigharimu picha nzima. Nilianza kwa rangi nzito yenye mafuta mengi, kisha nikapaka nyepesi juu yake. Baada ya miezi kadhaa ikapasuka kama tope la kiangazi. Rangi ya mafuta haikauki kama maji yakaukavyo; hushika hewa na kugeuka ngumu, na yenye mafuta mengi hukawia. Ya juu ikitangulia kukauka, ya chini ikaendelea kujongea, hupasuka. Basi tabaka la kwanza liwe jembamba, lililozimuliwa kwa tapentaini. Mafuta ya kitani yaongezwe katika matabaka ya juu.

Matambara yenye mafuta hayo usiyarundike pembeni mwa nyumba, kwani huweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

Jicho lichore mwisho. Ni dogo kuliko udhanivyo.