Gesi ya AC ya Gari Haiishi, Inavuja

Madereva wengi huamini kwamba gesi ya AC ni kitu cha kuisha, kwa hiyo kila baada ya muda lazima iongezwe. Lakini gesi ile haiungui kama petroli wala hailiki kama pedi za breki. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ileile, miaka nenda rudi. Ikipungua, imepata pa kutokea. Kopo la kujijazia nyumbani, linalouzwa na mpira wake na kigeji kidogo, halikuambii ni wapi.

Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kwetu kutoka Japani hutumia R-134a, ambayo ikiachwa wazi huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kompresa huigandamiza na kuisukuma hadi kondensa, mbele ya rejeta, ambako hutoa joto na kuwa majimaji. Kisha hupenya tundu jembamba la valvu, shinikizo linashuka ghafla, nayo inachemka ndani ya evaporeta, nyuma ya dashibodi. Ili ichemke hunyonya joto la hewa mnayovuta humo ndani. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto.

Hapa ndipo kigeji kinapotudanganya. Palipo na majimaji na mvuke wake pamoja, shinikizo hufuata joto, si wingi. Siku ya nyuzi 30, injini ikiwa imezimwa na imepoa, geji itasoma karibu psi 97, mfumo uwe umejaa au umebaki nusu. Ni kama mtungi wa gesi ya kupikia: kilichobaki hujulikana kwa mizani. Injini ikiwaka, namba hupanda na kushuka kwa joto la siku, kasi ya injini na nguvu ya feni. Ile rangi ya kijani kwenye kigeji, kwa hiyo, ni makisio tu. Kipimo cha kweli kimeandikwa kwa gramu kwenye kibandiko chini ya boneti, na kwa magari mengi madogo ni kama gramu 400 hadi 600.

Ukizidisha, majimaji hujaa kwenye kondensa, nafasi ya kutolea joto inapungua, na AC inaanza kupuliza hewa ya vuguvugu. Mwenye gari naye, akidhani bado haijatosha, anaongeza tena! Majimaji yakifika kwenye kompresa, ambayo imeundwa kugandamiza mvuke, huweza kuvunja valvu zake za ndani.

Pia kuna unyevu. Mfumo uliotoboka huingiza hewa yenye mvuke wa maji, na Dar es Salaam au Mombasa mvuke huo si haba. Maji huganda penye valvu, na yakikutana na mafuta ya kompresa hutengeneza asidi. Ndiyo maana fundi makini, akishaziba tundu, hunyonya kila kitu kwa pampu kwa nusu saa au zaidi: hewa ikishatolewa, maji huchemka hata bila kupashwa moto, yakatoka. Kopo haliwezi kazi hiyo.

Anayesisitiza kujijazia avae miwani na glavu, maana gesi hii hugandisha ngozi, na aunganishe kwenye bomba nene tu, la shinikizo dogo. Upande wa shinikizo kubwa unaweza kulipasua kopo. Gesi ya kupikia isitumiwe badala yake kabisa. Inawaka.

R-134a haitoboi ozoni kama R-12 iliyoitangulia, ila kilo yake moja hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa miaka 100. Gramu 500 zikivuja ni sawa na kuchoma lita kama 300 za petroli. Kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana jijini Kigali, Oktoba 2016, kupunguza gesi za jamii hii.

Basi kabla hujalipia gesi, muulize fundi maswali mawili: inavujia wapi, na mizani yako iko wapi? Akikosa majibu, tafuta fundi mwingine.