Arusha Mjini, jimbo linalopiga kura na kubaki bila mbunge

Wiki ya tatu ya Novemba 2015 Bunge la 11 lilikutana Dodoma. Lilimchagua Job Ndugai kuwa Spika, likamthibitisha Kassim Majaliwa kuwa Waziri Mkuu, kisha Rais John Magufuli akaja kulifungua rasmi. Katika shughuli zote hizo Arusha Mjini haikuwa na mbunge. Mgombea wa ACT-Wazalendo, Estomih Mallah, alikuwa amefariki dunia wakati wa kampeni, na sheria ikalazimu uchaguzi wa ubunge uahirishwe. Watu wa jimbo hilo walimpigia kura Rais Oktoba 25, wakarudi makwao, wakasubiri hadi Desemba 13 ndipo wampate mbunge.

Sheria hiyo ni ya haki, maana chama kilichofiwa lazima kipewe nafasi ya kuteua mtu mwingine. Ludewa na Handeni Mjini nao walikwenda vituoni siku hiyohiyo ya Desemba kwa msiba kama huo. Kwa Arusha, hata hivyo, kukaa bila mbunge hakukuwa jambo geni. Miaka mitatu tu kabla ya hapo jimbo lilikaa zaidi ya miezi minane bila mwakilishi, na mwaka mmoja baadaye mbunge wake angekuwa mahabusu.

Nimefuatilia siasa za mji huu kwa muda mrefu, na kila zinapozungumzwa husikia maelezo yaleyale: watu wa Chuga, yaani Arusha, ni wabishi, wanapenda maandamano, hawatabiriki. Siyakubali. Ukiipanga historia ya jimbo hili mwaka kwa mwaka utaona wapiga kura waliosema wazi wanachokitaka, na uamuzi wao ukaguswa kila mara na kitu kingine kabla haujamaliza miaka mitano: hukumu, kifo, mahabusu, kufukuzwa uanachama, au kalamu ya kikao cha chama.

Mji wenyewe una uzito wa kisiasa uliopita ukubwa wake. Hapa ndipo TANU ilipolipitisha Azimio la Arusha mwishoni mwa Januari 1967. Ndipo yalipotiwa saini makubaliano ya amani ya Rwanda mwaka 1993 na ya Burundi mwaka 2000, na ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Enzi za chama kimoja mpiga kura wa hapa, kama mwenzake wa popote nchini, alikuwa akiletewa majina mawili yaliyokwisha kuchujwa na chama, moja likiwa na alama ya jembe na jingine ya nyumba. Alichagua mtu. Chama hakikuwa sehemu ya swali.

Mwaka 1995, vyama vingi viliporudi, Arusha ilijibu kwa namna iliyoshangaza wengi. Ilimchagua Makongoro Nyerere, mtoto wa Baba wa Taifa, kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Ulikuwa mwaka wa Augustino Mrema, mgombea urais wa chama hicho, na mawimbi yake ya kaskazini, na mji uliolizaa Azimio ukampa ubunge kijana wa Mwalimu akiwa upande wa upinzani. Upepo ule haukudumu. NCCR iliparaganyika kwa ugomvi wa viongozi wake, kiti kikarudi CCM, na Felix Mrema akakikalia hadi 2010.

Mwaka 2010 ndio unaostahili kusimuliwa kwa kituo. Mji ulikuwa umebadilika. Viwanda vya zamani vilikuwa vimekufa. General Tyre, kilichokuwa fahari ya Arusha, kilizima mitambo mwaka 2009. Riziki ya vijana ilikuwa imehamia kwenye utalii, udalali wa tanzanite, vifodi, pikipiki, mitumba ya Kilombero na vibarua vya siku. Unga Limited, Ngarenaro, Sombetini na Daraja Mbili zilijaa watu wenye umri wa chini ya miaka 35 ambao hawakuwa na kumbukumbu ya chama kimoja wala deni lolote kwacho. Kwenye kura za maoni za CCM, Felix Mrema aliangushwa na Dk. Batilda Burian, aliyekuwa waziri. CHADEMA ikamsimamisha Godbless Lema, mtu wa jukwaani, mwenye sauti ya kuamsha uwanja. Oktoba 31 akashinda.

Ushindi ule ulizaa mgogoro wa pili mara moja, nao ulikuwa wa umeya. CCM na CHADEMA zilikuwa na madiwani wanaokaribiana kwa idadi, hivyo kila kura ndani ya baraza ilikuwa na thamani kubwa. Desemba 2010 Gaudence Lyimo wa CCM alitangazwa meya katika kikao ambacho CHADEMA ilikikataa. Ilihoji, pamoja na mengine, uhalali wa Mary Chatanda, mbunge wa viti maalumu kutoka Tanga aliyekuwa katibu wa CCM mkoani Arusha, kupiga kura katika baraza la Arusha. Hoja hiyo ilikuwa ya kisheria na ingeweza kujibiwa na mtu mwenye kitabu cha kanuni mkononi. Haikujibiwa hivyo. Januari 5, 2011 CHADEMA iliandamana, polisi wakatumia mabomu ya machozi na risasi za moto, na watu watatu wakauawa. Viongozi wa chama, Freeman Mbowe na Dk. Willibrod Slaa wakiwamo, walikamatwa. Watu watatu walipoteza maisha katika ugomvi ulioanzia kwenye swali la nani ana haki ya kumpigia meya kura, na sijaona mahali popote katika historia ya jimbo hili ambapo gharama na sababu vilipishana namna hii.

Baadhi ya madiwani wa CHADEMA waliona mgogoro umeufikisha mji pabaya, wakaingia kwenye mwafaka na wenzao wa CCM. Mallah, diwani wa Kimandolu, akawa naibu meya. Chama chake kikasema mwafaka huo hakikuubariki, na Agosti 2011 Kamati Kuu ikawafukuza uanachama madiwani watano. Kwa sheria zetu, anayepoteza chama amepoteza na kiti. Kesi na mabishano yakafuata, na kata za Kimandolu, Kaloleni, Elerai na Themi zikakaa karibu miaka miwili bila diwani. Mama wa Kaloleni aliyehitaji mtu wa kumsemea kuhusu mtaro uliofurika mbele ya nyumba yake hakufukuzwa chama chochote, lakini adhabu ilimfika yeye. Nasema hivyo nikijua kwamba wengi walioumia na mambo ya Januari 5 waliuona mwafaka ule kama usaliti, na walikuwa na sababu ya kuona hivyo. Chama kilikuwa na haki ya kuwafukuza wanachama wake. Hakikupaswa kuwa na uwezo wa kuwanyang'anya wananchi diwani.

Wakati huohuo ubunge ulikuwa mahakamani. Wanachama watatu wa CCM walifungua kesi wakidai kampeni za Lema zilitumia lugha ya kumdhalilisha Dk. Burian. Aprili 5, 2012 Mahakama Kuu ilikubaliana nao, ikatengua matokeo. Lema akakata rufaa, na Desemba 21 mwaka huo Mahakama ya Rufani ikamrudishia ubunge. Sababu iliyotolewa ina maana kubwa: waliofungua kesi walikuwa wapiga kura ambao haki zao wenyewe hazikuonyeshwa kuguswa, kwa hiyo hawakuwa na haki ya kufungua shauri lile. Rufaa ikaishia hapo. Swali la msingi, yaani jinsi mgombea mwanamke anavyoweza kutukanwa jukwaani na nini kifanyike, halikujibiwa kabisa, nalo lilikuwa swali la kweli. Jimbo lilitumia zaidi ya miaka miwili mahakamani, zaidi ya miezi minane kati ya hiyo bila sauti bungeni, na mwishowe likaambiwa kwamba kesi yenyewe haikupaswa kuwapo.

Kata nne zilizokuwa wazi zilipangiwa uchaguzi Juni 2013. Jioni ya Juni 15, kwenye mkutano wa kufunga kampeni za CHADEMA uwanja wa Soweto, bomu lilirushwa katikati ya watu. Waliokufa walikuwa watu wa kawaida waliokwenda kusikiliza, na miongoni mwa majeruhi walikuwamo watoto. Uchaguzi ukasogezwa hadi Julai 14, na CHADEMA ikashinda kata zote nne. Watu ambao mwezi mmoja kabla walikuwa wakikimbia moshi na damu walirudi kwenye foleni. Anayewaita wabishi na aieleze foleni ile.

Ndipo tunarudi 2015. Mallah, aliyefukuzwa CHADEMA kwa mwafaka wa 2011, alikuwa amehamia ACT-Wazalendo na kuutafuta ubunge. Kifo chake ndicho kilichousogeza uchaguzi. Edward Lowassa, mwana wa Monduli, alikuwa mgombea urais wa CHADEMA, na mkoa ulikuwa umechemka. Desemba 13 Lema alimshinda Philemon Mollel wa CCM kwa karibu mara mbili ya kura. Baraza la madiwani nalo likawa la CHADEMA karibu lote, na Calist Lazaro akawa meya. Kwa mara ya kwanza tangu 2010 mji ulikuwa na mbunge, meya na madiwani wa upande mmoja waliochaguliwa kwa wingi usio na ubishi.

Haikupita hata mwaka. Agosti 2016 Mrisho Gambo aliteuliwa mkuu wa mkoa, na yeye na mbunge wakavutana hadharani, hata kwenye hafla ya kuweka jiwe la msingi la hospitali ya mama na mtoto. Novemba Lema alikamatwa kwa maneno aliyoyasema jukwaani kuhusu Rais, akanyimwa dhamana na kuwekwa gereza la Kisongo. Alitoka Machi 3, 2017, miezi minne baadaye. Madiwani walianza kuhama mmoja mmoja kwa kauli ya “kuunga mkono juhudi”, na kila aliyehama aliiacha kata yake ikirudia uchaguzi. Meya Lazaro naye akaishia CCM.

Oktoba 2020 Gambo, akiwa ameshaondolewa ukuu wa mkoa, alitangazwa mshindi kwa kura zaidi ya 82,000 dhidi ya Lema aliyepewa 46,000 na ushei. CHADEMA iliyakataa matokeo ya uchaguzi ule nchi nzima. Siku chache baadaye Lema alikimbilia Kenya na familia yake, kisha Canada, na hakurudi hadi Machi 2023.

Gambo alimaliza miaka yake mitano. Tangu 2010 ndiye mbunge pekee wa Arusha Mjini ambaye muhula wake haukukatwa na hukumu wala mahabusu. Lakini hakupata nafasi ya kuhukumiwa na waliompeleka bungeni. Julai 2025 vikao vya CCM vilikata jina lake kabla ya kura za maoni. Aliyechukua nafasi ni Paul Makonda, ambaye mwaka uliotangulia aliletwa Arusha kuwa mkuu wa mkoa, cheo kilekile alichotokea Gambo. CHADEMA haikuwamo kabisa kwenye karatasi ya kura. Ilikuwa imekataa kusaini kanuni za maadili ikidai mabadiliko kwanza, Tume ya Uchaguzi ikaiweka nje Aprili 2025, na mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa gerezani kwa shitaka la uhaini. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, ilipita kwa maandamano na vifo katika miji kadhaa, na Makonda akatangazwa mbunge.

Nimewasikia wanaosema haya yote hayana uzito maadamu maendeleo yanakuja. Maendeleo yamekuja kweli: mradi wa maji wa shilingi bilioni 520, barabara za ndani, uwanja wa michuano ya AFCON 2027 kule Olmoti. Ni mambo mema na nayafurahia. Lakini sensa ya 2012 ilikuta watu 416,442 jijini, ile ya 2022 ikakuta 617,631. Mji unaoongeza watu 200,000 ndani ya miaka kumi una mabishano halali ya kila siku: nani ahamishwe barabarani, kodi ipi ipunguzwe, soko lijengwe wapi. Mkuu wa mkoa huyajibu kwa amri kwa sababu ameteuliwa kufanya hivyo. Mbunge na diwani hulazimika kuyajibu kwa hoja, kwa kuwa watarudi kuomba kura. Mwaka 2020 na 2025 kiti hiki kilikwenda kwa waliotoka ofisi ya mkuu wa mkoa, na nafikiri hilo limewazoesha watu kuona kwamba njia ya kuwaongoza huanzia juu.

Kuna mambo ambayo sheria inaweza kuyarekebisha bila kusubiri Katiba mpya, ingawa hiyo nayo inahitajika. Kesi ya uchaguzi iwe na ukomo mfupi usioyumba. Nchini Kenya, ambayo mpaka wake wa Namanga uko kilomita mia na ushei kutoka hapa, Katiba ya 2010 inaipa Mahakama Kuu miezi sita kuamua shauri la ubunge. Uhalali wa mlalamikaji uamuliwe mwanzoni kabisa, kabla ya ushahidi. Mbunge au diwani aliyefukuzwa na chama chake abaki kwenye kiti hadi wapiga kura waamue. Na mbunge anayeshitakiwa kwa maneno ya jukwaani asikae mahabusu miezi minne wakati jimbo lake linajadiliwa bila yeye.

Wabunge walioko Dodoma sasa wanaweza kuyapitisha haya, na wengi wao huenda siku moja wakayahitaji wenyewe. Uchaguzi mkuu ujao ni 2030. Wewe unayeishi Levolosi, Sekei, Muriet au Moshono, waulize mbunge na diwani wako sasa, wangali wana miaka ya kuyafanyia kazi, kama wako tayari kuyabeba.